Siku Ulipomwona Mama Yako Maktabani

Mama yangu mpendwa,

Jana nilikuta sokoni karoti za Nyandira zimefungwa mafungu kwa kamba ya mgomba, kama ulivyokuwa ukizifunga wewe, nikashindwa kupita. Leo nimeketi kukuandikia, ingawa najua barua hii haina pa kupelekwa.

Baba alipopunguzwa kazi, miaka ile viwanda vyetu vilipobadilisha wamiliki, wewe hukulia. Ulipanda kwenu Nyandira, milimani, ukarudi na tenga la mboga kichwani, na kwa mboga hizo nikasoma hadi nikawa mkutubi hapa mjini. Lakini kila nilipokukaribisha maktabani ulikataa. "Mimi na vitabu wapi na wapi?"

Ulinieleza mara moja tu, tukimenya njegere uani kwetu Mafiga, kwamba mama yako alifariki ukiwa kichanga na hakuna aliyebaki na picha yake. "Nikimwota, anakuja hana uso," ulisema, kisha ukaendelea kumenya.

Maktaba ilipounganishwa na intaneti, nilifungua blogu yetu. Tulikuwa na boksi la picha za zamani kutoka misheni za milimani, nyuma hazina hata jina moja. Nikazipiga skani, nikaziweka kwenye blogu moja moja, na chini ya kila moja nikaandika: "Unamfahamu yeyote hapa? Tuandikie."

Mkuu wangu hakupendezwa. "Maktaba inaweka kilichothibitishwa," aliniambia. "Huko kila mtu anaandika analotaka." Alinipa mwezi mmoja, baada ya hapo ukurasa ufungwe. Wiki tatu zikapita, hakuandika mtu isipokuwa mmoja aliyeuliza kama tunauza mitihani iliyopita.

Asubuhi moja nikakuta maoni marefu chini ya picha ya wasichana wanne waliosimama mbele ya zahanati. Aliyeandika alijitambulisha kuwa Sista Paula, mtawa mzee anayeishi Songea. Alisema wa kwanza kushoto ni yeye mwenyewe, kabla hajaingia utawa. Kisha akawataja wenzake. "Wa tatu ni rafiki yangu Agatha wa Nyandira. Alikufa akamwacha binti wa wiki mbili, jina lake Veronika. Sijui kama mtoto yule aliishi."

Nilisoma mstari ule mara nne, maana Veronika wa Nyandira ni wewe. Mtu ambaye hatukuwahi kuonana naye, huko Songea, alikuwa anamuulizia mama yangu kwenye ukurasa nilioufungua mimi.

Nilikufuata sokoni mbio. Ulimwachia jirani meza yako, ukanifuata bila kuuliza. Mlangoni ulivua kandambili, na mkuu wangu alipokuambia uvae tu, ukakataa. Nilikuwekea kiti mbele ya kompyuta, nikakusomea, nikakuonyesha kwa kidole.

Uliinama mpaka paji lako la uso likakaribia kugusa kioo. Agatha alikuwa na gauni la mikono mifupi, amekunja macho kwa jua, na meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya kama wako.

"Mbona ni mtoto?" ulisema hatimaye. Wewe ulikuwa na mvi tayari. Yeye sidhani kama alifika miaka ishirini. Kisha ukakaa sawa, ukajifunga khanga vizuri, ukamwambia yule msichana kwa sauti ya chini, "Shikamoo, mama."

Mkuu wangu alikuwa nyuma yetu. Alitoka nje, akakaa huko kitambo. Habari ya kufunga ukurasa hakuigusa tena.

"Mjibu Sista," uliniambia. "Mwandikie kwamba niliishi. Nina watoto watano." Nikaandika hivyo hivyo. Kesho yake jibu likaja: Agatha alikuwa mwoga wa radi, na alizoea kucheka kanisani mpaka anatolewa nje. Nilipokusomea ulicheka hadi machozi, wewe ambaye baba alikukanya kila Jumapili kwa kosa hilo hilo.

Hamkuwahi kuonana na Sista Paula. Alifariki kabla yako. Lakini mliandikiana kupitia mikono yangu mwaka mzima, na kila barua ilikuongezea kipande kimoja cha mama yako.

Mama, kazi hii nimeizoea, ila jambo lile la mtu kumtambua wake pichani sijalizoea mpaka leo. Wiki iliyopita mzee mmoja wa Kisaki aliandika chini ya picha ya vibarua wa reli: "Wa mwisho ni baba. Nilidhani nimebaki kumkumbuka peke yangu." Nilisimama, mama. Sikujua kwa nini, nilijikuta tu nimesimama mbele ya mashine, wasomaji wakinitazama.

Pumzika huko uliko. Nakukumbuka.

Ni mimi, kitindamimba wako