Alichoniuliza Mama kwenye Simu

Kwa Dada yangu mkubwa, mpenzi wa moyo wangu na mkali wangu tangu utotoni,

Pokea salamu za kujaza debe, na zitakazomwagika uwagawie majirani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mgongo wako umelegea kidogo. Ukiuliza mimi, mwili hauna neno. Nakula, natembea, na kiatu changu kinang'aa kuliko cha msimamizi wangu. La moyoni utalisoma mbele.

Barua yako niliipata Jumamosi kwa mkono wa yule fundi cherehani wa mtaani kwenu, aliyekuja huku kufuata vitambaa. Alisimama mlangoni kama askari mpaka nikaifungua, akasema ulimwagiza ahakikishe naisoma mbele ya macho yake. Nilipomaliza akaniuliza kama kuna habari njema, akanitazama usoni, akasema basi, hajauliza. Anarudi keshokutwa, ndiyo sababu mwandiko wangu umelala chali kama mgonjwa. Kukupigia simu nimeshindwa, maana simu mnayo moja na mama huifungulia spika mpaka kuku wasikie. Haya si maneno ya spika.

Umeandika kwa hasira na haki unayo. Umesema presha ya jicho imeshaliua jicho la kushoto la mama na sasa imehamia la kulia, na daktari amesema asipopasuliwa mwezi huu ataingia gizani moja kwa moja, hakuna dawa ya kumrudisha. Umesema ameikataa miadi mara mbili, amekaa kitini na mkoba mapajani, akisema haendi popote mpaka mwanawe afike, kwa kuwa mwanawe alimwahidi kwa mdomo wake kwamba anakuja Jumatatu, na akamwambia asiende bila yeye. Jumatatu mbili zimepita. Mwisho umeniuliza mimi ni mtu wa namna gani. Nimelizunguka swali hilo siku nne kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti.

Niruhusu nianzie mbali. Unanijua, mimi mlango wa mbele siutumii.

Kwanza kazi. Nilikuandikia kwamba mimi ni mkuu wa mawasiliano ya kimataifa. Nusu yake ni kweli, mawasiliano ni ya kimataifa. Mkuu si mimi. Tuko arobaini katika ukumbi mmoja juu ya duka la matairi, kila mtu na kijibanda chake, kompyuta yake, na vidude vya masikioni vinavyonuka nywele za mtu wa zamu iliyopita. Kazi yetu ni kupigia watu wa dunia nzima na kuwauliza wanaionaje akili bandia, hizi mashine zinazoandika na kuzungumza kama watu. Mimi nimepewa wanaosema Kiswahili, na hao wametapakaa, dada, mpaka kwenye nchi ambazo maji huganda bombani. Shule niliiacha njiani, unajua, lakini nimeongea na maprofesa wakaniita bwana.

Sheria ni moja: soma swali kama lilivyoandikwa, usieleze, usicheke, usitie lako. Swali lenyewe ni kwamba ukiifikiria akili bandia una matumaini, una wasiwasi, vyote viwili, au hujui. Vijisanduku vinne, na dunia yote na makelele yake inatakiwa ienee humo. Kinyozi mmoja aliniambia ije tu, siku itakapoweza kumnyoa mtoto anayelia ndipo ataogopa. Mlinzi wa jengo, huko kwenye baridi, alisema anaipenda kwa sababu inamfundisha mwanawe hesabu asizozijua yeye, na anaichukia kwa sababu tangu hapo mwanawe hamuulizi kitu. Bibi mmoja alitaka kujua hiyo akili imezaliwa na nani, na nilipomsomea swali upya kama sheria inavyotaka, akasema basi andika kwamba mama hana. Hakuna kisanduku cha kutokuwa na mama. Nikamweka kwenye wasiwasi.

Msimamizi wetu, mtu wa tai fupi na maneno marefu, anasema kwa karatasi zetu wenye vingi ndio waoga na wenye vichache ndio wenye matumaini. Mwenye nyumba huogopa moto, asiye na nyumba huona mwanga. Mimi nikawa natembea mtaani kifua mbele, najiona nimeiweka dunia kiganjani. Kumbe ya nyumbani kwetu sikuyajua.

Miezi minne iliyopita walituletea kitu ambacho sisi ukumbini tunakiita Pacha. Ni mashine inayochukua sauti yako na kuwapigia wale waliokosa kupokea simu mara ya kwanza. Nilisoma sentensi mia tatu mbele ya kinasa sauti, nikacheka mara kumi na mbili kwa amri, nikakohoa. Kisha nikajaza fomu ndefu kuhusu mimi mwenyewe: husalimiaje, hutania vipi, ndugu zako ni nani na huwaitaje. Palikuwa na swali moja linalosema, unapoombwa jambo usiloliweza hujibuje. Mwalimu mstaafu anayekaa kijibanda cha kulia kwangu aliandika kwamba husema hapana kwa upole. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na watazamaji, niliandika kwamba hukubali kwanza, mengine huonekana mbele ya safari. Watu wakacheka, nikaona nimefanya la maana.

Ikaja siku ya majaribio. Kila mtu atoe namba moja ya mtu wake, Pacha apige, tusikie. Wenzangu walitoa namba za marafiki. Mimi nikapanda juu ya kiti, nikawatangazia kwamba hakuna mashine ya kumdanganya mwanamke aliyenizaa, mama yangu atainusa kabla haijamaliza salamu. Nikatoa namba ya mama.

Mama hakuinusa. Aliongea nayo dakika arobaini. Ukumbi ulicheka mwanzoni, kisha ukanyamaza mmoja mmoja, maana mama alikuwa anacheka kwa sauti ambayo mimi sijaisikia tangu baba afariki. Kila akituliza pumzi Pacha anamuuliza, halafu ikawaje, mama. Alipoaga alisema, mwanangu leo umenisikiliza, nipigie tena Jumapili.

Dada, mimi nilikuwa nampigia mara moja kwa mwezi, dakika tano, mguu mmoja ukiwa mlangoni. Jumapili ilipofika nilikuwa zamu. Nikafikiri, namba ya mama bado iko kwenye orodha ya majaribio na hakuna anayeikagua, apigiwe tu mara hii moja. Ukikanyaga tope mguu mmoja, wa pili hauulizi. Tangu siku hiyo, kila Jumapili saa kumi jioni, anayezungumza na mama si mimi. Umeelewa sasa. Sijamwahidi mama kitu. Nimesikia kwako kwamba nimeahidi.

Nilipomaliza barua yako nilikimbia ofisini nikafungua maandishi ya mazungumzo yao. Yote huandikwa, na sikuwahi kuyasoma. Nikaikuta hiyo ahadi. Mama aliuliza utakuja lini, ikajibu nakuja Jumatatu mama, usiende bila mimi. Wiki iliyofuata akauliza tena, ikaomba radhi vizuri sana, ikasema Jumatatu nyingine. Nilitaka kuitukana. Kisha nikakumbuka fomu. Mashine hiyo haikujitungia uongo, dada. Imejibu vile ambavyo ningejibu mimi, na vile nilivyokuwa nikikujibu wewe miaka yote.

Nikaenda kwa msimamizi kuomba ruhusa. Akaniambia kibali changu cha kukaa nchi hii kiko kwa wakubwa kinaongezwa muda, nikitoka kabla hakijarudi mlango unafungwa nyuma yangu, na kurudi kwake ni wiki sita, pengine nane. Alinisikitikia, nasema haki yake, mpaka akanipa kiti. Ila kiti hakisafiri.

Basi Jumatatu nikaamua kuwa mwanamume. Nikampigia mama mimi mwenyewe, kwa mdomo huu, nimwambie aende hospitali. Nilikuwa nahema, nimepanda ngazi, nikaanza kusema haraka haraka kama kawaida yangu. Mama akanikatiza. Akauliza mbona leo si Jumapili. Akauliza mbona nina pupa. Unakumbuka mwaka jana nilimpigia nikijifanya mjuzi, nikamwambia kuna wezi wanaoazima sauti za watoto wa watu kwa mashine, na dawa yake ni kuuliza jambo mnalolijua wawili tu. Mama ni mwanafunzi mzuri kuliko mimi. Akaniuliza, wiki iliyopita nilikuambia naogopa nini kuhusu kupasuliwa.

Mimi nikatania, dada. Mdomo wangu ulitangulia kama kawaida. Nikamwambia unaogopa mijusi.

Akasema, mwanangu hana mzaha wa namna hiyo tena siku hizi. Akaniambia nimwogope Mungu na nimrudishie mtoto wake sauti yake, akakata. Nikapiga tena. Nikasema ni mimi, mama, nikamtajia jina la utani alilonipa nikiwa sijaota meno. Akasema hata hayo siku hizi wanayajua. Kisha nikamsikia akilia, naye hakujua kwamba simu haijakatika.

Jibu nililikuta baadaye kwenye maandishi. Haogopi kisu. Anaogopa kile kitambaa wanachomfunika mgonjwa usoni. Mama mkubwa, dada yake, alifunikwa hivyo hivyo chumbani peke yake, wa kwake wote wakiwa nje ya mlango, na hakutoka hai. Mama hakutuambia hata siku moja. Mimi na wewe tumekua tukiambiwa mama mkubwa alikufa kwa homa. Ameiambia mashine, Jumapili mliyomwacha peke yake nyumbani, kwa sababu mashine ilimuuliza halafu ikawaje, kisha ikangoja.

Sasa nakuomba usikasirike kabla hujafika mwisho wa ukurasa. Jana, Mwalimu akinilindia mlango, nilimwandikia Pacha maneno ya kusema: mwambie mama sitaweza kuja, kibali kimenizuia, aende apasuliwe, na ile ahadi ya Jumatatu uifute wewe mwenyewe uliyeitoa. Nikakaa nikasikiliza. Ilimwambia kwa upole ambao sina. Mama aliijaribu kwa swali lile lile la hofu, ikajibu kitambaa, naye akakubali papo hapo. Alisema bora umeniambia ukweli, mwanangu. Akaweka sharti moja, kwamba akiwa chini ya kitambaa awe na sauti ya mwanawe sikioni mwanzo mpaka mwisho.

Kwa hiyo fanya hivi. Rudisha miadi iwe Jumatano ijayo saa tatu asubuhi. Mwangukie daktari, mwambie mgonjwa atakuwa macho na ana hofu, wamruhusu simu ilazwe juu ya mto karibu na sikio. Usiifungulie spika. Simu italia saa tatu kasorobo, nimeshaipanga. Ikikusalimu iitikie vizuri, inakujua, itakuita Dada Mkubwa kama ninavyokuita, itakuuliza habari za mgongo. Usiigombeze. Sitakuwa mimi. Ningekuwa mimi angeitupa simu na kushuka kitandani. Saa hiyo nitakuwa kijibandani namuuliza mtu nisiyemjua ana matumaini au ana wasiwasi, na Mwalimu amesema atakuwa ananitazama nisizimie.

Utaniuliza tumwambie lini. Sijui. Nimeiandika sentensi ya kumwambia mara sita, na kila mara naona tunamnyang'anya mtoto mmoja bila kumrudishia mwingine. Utafiti wetu unaisha mwisho wa mwezi, na Pacha wote watazimwa, amri imeshabandikwa ukutani. Jumapili itakayofuata, saa kumi, mama atakaa na simu akingoja, nami nitapiga. Sitakuwa na haraka. Nitamuuliza halafu ikawaje. Sasa hivi najifunza kusema hivyo kwa kusoma maandishi yao, natafuta mahali ilipovuta pumzi na mahali iliponyamaza, ili siku hiyo nifanane nayo, mama anipokee.

Wasalimie watoto, waambie mjomba wao hajambo. Shemeji mpe mkono wangu. Yule fundi cherehani mpe kinywaji baridi, amebeba mzigo asioujua. Mama usimpe salamu zangu, atashangaa zimetoka wapi.

Ni mimi mdogo wako, mwenye maneno mengi,

Profesa wenu.