Kiganja Ulichoinua Ukumbini

Somo yangu, Rehema mkubwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kwa sababu umenizidi umri, na kwa sababu hasira niliyo nayo haijafika mahali pa kunivua adabu. Imekaribia, lakini haijafika.

Ujumbe wako tumeupata kwenye simu ya wodi. Unasema unakuja na wageni kutoka mkoani kutufundisha upya namna ya kumsaidia mtoto mchanga aliyezaliwa hapumui, na unaomba yule mwanasesere wa mazoezi aoshwe, afungiwe kabatini vizuri, wageni wamkute akiwa msafi. Niliusoma nimesimama, kisha nikatafuta kiti. Hukuuliza habari za mwanangu. Faraghani nimekupigia mara nyingi hupokei, ndiyo maana leo nakuandikia kwa simu hiyo hiyo ya wodi, mbele za watu.

Unakumbuka tulivyomleta huyo mwanasesere? Tulitoka naye Masasi kwenye semina ya siku moja, mimi nimempakata ndani ya gari la hospitali, wewe umekumbatia ambu, lile puto la kumsukumia mtoto hewa pamoja na barakoa yake, hutaki mtu aliguse. Tulipoanza kupanda mlima kuelekea Newala gari likawa linaruka, ukaniambia, "Mshike shingo vizuri, somo, huyu ndiye tuliye naye." Tulicheka mpaka dereva akapunguza mwendo atutazame.

Wodini walishazoea kutuita Rehema mkubwa na Rehema mdogo. Wewe Mwislamu wa Mkunya, mimi Mkristo wa Lukuledi, jina moja, tukaitana somo tangu siku uliponipokea leba, chumba cha kujifungulia, nikiwa muuguzi mpya nimetoka chuoni. Asubuhi ya kwanza ya mazoezi, mama mmoja aliyekuwa anasubiri kujifungua alituona tumemshika mwanasesere kalegea mikono, akaangua kilio akidhani ni mtoto wa mtu. Ulimfuata, ukamkalisha, ukaongea naye Kimakonde taratibu mpaka akacheka mwenyewe. Kesho yake ukaja na kofia nyekundu ya uzi uliyoifuma nyumbani, ukamvika mwanasesere, ili kila mama ajue huyu ni wa kujifunzia.

Ukatuwekea na sheria. Kabla ya kukabidhiana zamu, kila mmoja anamshika, anamlaza kichwa, anaweka barakoa, anasukuma hewa mpaka kifua kipande. Hakuna chai wala ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, kabla kifua hakijapanda. Hata daktari akipita ulikuwa unampa. Mtu akinung'unika unamwambia, "Kichwa kinakumbuka semina. Mikono imeshasahau." Mimi nilikuwa naona fahari kuitwa jina lako.

Kisha ukawa inchaji, msimamizi wa wodi. Nilikupigia vigelegele, unajua. Wakati huo kidevu cha mwanasesere kilikuwa kimechanika kwa kushikwashikwa, na mkubwa mmoja akauliza nani atajibu kifaa kikiharibika. Ukaogopa. Ukamfungia kabatini na ambu yake ya mazoezi, ufunguo ukautia kwenye pochi, kama vile vikombe vya wageni ambavyo wa nyumbani hawaruhusiwi kunywea. Nilikufuata ofisini kukuomba. Ukaniambia sisi tayari tunajua, na wageni wakija lazima wakute kitu cha maana. Nikakuuliza kuhusu wanaotoka chuoni sasa hivi, ambao hawajawahi kumshika. Ukasema watajifunza kazini.

Asumini alijifunza kazini, somo. Alijifunza kwa mwanangu.

Uliniahidi utanizalisha mwenyewe. Siku ile ulinipima, ukasema bado, ukanifunga kanga vizuri, ukaenda ukumbini kwa wageni. Uchungu haukukusubiri. Nilibaki na Asumini, binti mwenye heshima zake, mgeni kabisa kazini. Mtoto akatoka, kimya. Asumini akamfuta, akamsugua mgongo, kimya. Akachukua ambu ya leba. Nikiwa pale kitandani nikasikia hewa inatorokea pembeni ya barakoa, inaishia kwenye shuka. Sauti hiyo naijua kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kuisikiliza. Nikamwambia amnyanyue kidevu, abane barakoa, haijakaa. Akaibana upande mmoja, hewa ikatokea upande wa pili. Nilijaribu kushuka, miguu ikakataa.

Bi Sikujua, yule mhudumu wetu wa usafi, ndiye aliyekimbia kukuita. Amenisimulia na hajawahi kubadilisha neno. Alikukuta mbele ya wageni umemshika mwanasesere, umemvika kofia mpya, unaonyesha jinsi kifua kinavyopanda. Akakuita kutoka mlangoni, kwamba mtoto wa Rehema hapumui. Ukamtazama. Ukamwinulia kiganja, asubiri. Ukamalizia kuonyesha. Wageni wakapiga makofi, na makofi yale niliyasikia mimi mwenyewe nikiwa leba, sikujua ni ya nini.

Ulipofika ulimpokea Asumini barakoa, na hapo hapo kifua kikapanda. Mtoto akalia kwa sauti ndogo. Watu wote hapa wanasema wewe ndiye uliyemwokoa mwanangu, na siwezi kuwaambia ni uongo. Hakuna daktari anayeweza kuniambia kile kiganja kilimnyima kiasi gani. Lakini mikono inayojua ilikuwepo, ilikuwa ukumbini, na ilikuwa imembeba mtoto wa plastiki. Ungekuwa mtu baki ningekusamehe zamani. Wewe ni somo yangu.

Nilimpa jina tulilokubaliana, Rehema, awe somo yetu sote wawili. Siku ya arobaini nilipika nikakuwekea sahani. Ulikuwa umeshahamia mkoani, umekuwa mkufunzi.

Sasa ana miaka mitatu na shingo yake haijakaza. Walisema ubongo ulikosa hewa. Namlisha uji kwa kijiko, na ming'oko nampondea mpaka ilainike, maana anaipenda kama wewe. Ukimwita jina lake anacheka mpaka anakohoa. Kuna siku namwogesha nikijisikia vibaya mno, najikuta nakusema kwa sauti, mimi na beseni. Na kuna siku nakukumbuka tu, unavyocheka ndani ya lile gari, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Ulipohama, Asumini alikwenda mwenyewe kuuomba ufunguo wa kabati. Mwanasesere sasa anakaa juu ya meza ya chai. Kidevu tumekibandika plasta, kofia yako nyekundu imepauka kwa kufuliwa. Kila asubuhi Asumini anamshika wa kwanza, wanafuata waliotoka chuoni, kisha mimi. Majuzi mama mmoja wa Chidya alijifungua mtoto asiyelia. Asumini akaweka barakoa, ikakaa, kifua kikapanda. Mama na mtoto wake wamesharudi nyumbani. Nilikwenda nje nyuma ya wodi, nikalia kwa furaha na kwa wivu, vyote pamoja.

Kwa hiyo hatutamwosha, somo, wala hatutamfungia. Njoo na wageni wako, ila mje mapema, wakati wa kukabidhiana zamu, kungali na ukungu. Wageni wenyewe wamshike, na kidevu chake kibovu hicho hicho.

Mimi siku hiyo nitakuja na Rehema mgongoni. Nitamfungua, nitakupa umpakate. Mshike shingo vizuri, kama ulivyoniambia siku ile tunapanda mlima. Na mtu akija mlangoni kukuambia ukumbini wanakusubiri, mwinulie kiganja.

Mimi somo yako, uliyenifundisha kazi,
Rehema mdogo, mama yake Rehema