Visanduku Kumi na Kimoja

Jumatatu, 3 Machi
Mfuko wetu wa pensheni una joto, na kulipima ndiyo kazi yangu. Naangalia moshi wa kila kampuni tulimowekeza, natoa namba moja: kila mtu akiwekeza kama sisi, dunia itapata joto la digrii ngapi? Mwaka jana tulipata 1.8, chini ya kikomo cha digrii 2. Makofi! Keki!

Leo nimeona ile keki ilitoka wapi. Kampuni ya saruji haikujaza fomu yetu. Kisanduku kitupu, na jedwali limekisoma kama sifuri. Saruji bila moshi! Ziko kumi na moja za hivyo.

Jedwali nililitengeneza mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimepiga hesabu upya. Asiyejibu nimempa makadirio ya wenzake wa kazi ileile.
2.9.
Nikarudia. 2.9. Nimejisikia vibaya mpaka chai imenishinda.

Jumatano, 5 Machi
Nimempelekea mkuu wa uwekezaji. Tunamwita Pasi — suruali yake haijawahi kukunjamana. Kafunga mlango. Eti tuache ilivyo, mwakani tutarekebisha kidogo kidogo, wadhamini wa mfuko wasishtuke. Eti mdogo wangu, mkataba wako si unaisha mwezi huu? Kakumbuka leo!

Sikumjibu. Nimetoka nimebana meno. Sasa hivi majibu yananijia kumi kwa mpigo, yote makali. Ningekuwa nayo pale!

Alhamisi, 6 Machi
Nimepita kwa Mama. Mwalimu mstaafu, pensheni yake iko humohumo kwetu. Alikuwa anakunja nguo, nikamweleza yote.

“Mtoto akirudisha karatasi tupu ya mtihani, unampa ngapi?”
“Sifuri, Mama.”
“Na kwenu sifuri ya moshi ni alama mbaya?”
“Ndiyo alama ya juu kabisa.”

Kacheka mpaka kakaa kitandani. Kisha kaacha kucheka. Kaniuliza kama nitafukuzwa. Nikasema labda. Kasema chumba changu kipo. Halafu, bila kuniangalia: “Lakini useme aliyekosea ni wewe. Usilisukumie jedwali lawama.”

Hilo limeniuma. Ni kweli, ndiyo maana.

Nimechapa nakala tisa, moja kwa kila mdhamini. Kampuni zote kumi na moja kwa majina. Juu kabisa: 2.9. Chini yake: kosa la mwaka jana ni langu. Wanifukuze kwa namba sahihi! Kwa ile ya uongo sibaki hata siku moja.

Ijumaa, 7 Machi
Mkutano. Naandika chini ya meza, kwa hasira, si woga. Haya, na woga kidogo.

Pasi anaonyesha 1.8 ileile ukutani. Juzi sikumjibu, naye kimya changu kakisoma kama ndiyo. Kisanduku kitupu kingine, na huyu kakijaza mwenyewe!

Na keki imeletwa. Imeandikwa 1.8 kwa krimu.

Makofi. Mwenyekiti anauliza nani kafanya kazi nzuri hivi. Pasi ananionyesha kwa kidole. Eti mtaalamu wetu ndiye akate keki. Kisu kinapitishwa mkono kwa mkono, kinakuja kwangu. Wote tisa wananitazama, wanatabasamu.

Karatasi ziko mapajani. Nimezihesabu tena, ni tisa.

Kisu kimefika. Nimekiweka mezani.

Nasimama na karatasi zote tisa.