Dada, Mawe Yako ya Tukuyu

Dada yangu Atu,

Bado nausikia mlio ule. Kabla hujanipa nyundo, ulinikalisha kwenye kigoda chumbani kwako Soweto ya Mbeya, ukashika bonge la jiwe jeusi la volkano kwa ncha za vidole na kuligonga taratibu kwa jiwe la mtoni. Ting. Ukachukua jingine, la ukubwa uleule, linalong'aa vilevile. Pu.

"Hili limepasuka ndani," ulisema. "Kwa macho huwezi kujua. Tupa."

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nikidhani nimekuja Mbeya kukusalimia tu. Wewe ulisomea mambo ya kale na ulikuwa unaishi kwa kuchonga visu na ncha za mishale za mawe, kama walivyochonga watu wa zamani, ili walimu wapate vitu vya kufundishia. Ulihitaji mikono mingine. Nikabaki.

Nilikuwa mwanafunzi mbaya. Jiwe likikataa, niliongeza nguvu.

"Gwe, wewe unapasua kuni?" ulinicheka. "Usilipige kama limekutukana."

Ulinionyesha kusugua ukingo kwanza mpaka uache kumeguka, kisha kugonga karibu na ukingo huo, kwa mshazari, na kuliachia jiwe limalizie lenyewe. Siku kipande changu cha kwanza kirefu kilipobanduka, chembamba kiasi kwamba mwanga ulipita ukingoni kama kwenye chai ya rangi, ulikiokota ukakiweka kiganjani mwangu. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena. Nilidhani nimepata maisha.

Taka za mawe tulizizika nyuma ya nyumba, na juu yake kila mara ulitupia kizibo cha soda, ili atakayechimba baadaye ajue ni kazi ya siku hizi. "Wasije wakatufanya watu wa kale kabla hatujazeeka," ulisema.

Unakumbuka Ilula, tulipokuwa tunapeleka mzigo Iringa? Mama muuza nyanya alikusifia nyanya zake, nawe ukachomoa kisu cha jiwe mfukoni ukaikata moja bila kuibonyeza.

"Yesu wangu! Hicho kimetoka wapi?"

"Tukuyu, chini ya mlima."

"Niachie, dada, nikupe sado nzima ya nyanya."

"Thubutu! Ujikate, halafu mseme Wanyakyusa wamewaroga."

Alicheka mpaka akaketi juu ya tenga. Ulimwachia.

Wakati huo ulikuwa umeshaanza kukohoa. Tulisema ni baridi. Mwezi wa sita Mbeya vidole hufa ganzi, na kwa kazi yetu kidole kilichokufa ganzi ni kidole kitakachokatwa. Kwa hiyo tulifunga mlango, tukaziba dirisha kwa kitenge, tukachonga. Vumbi la mawe lilielea kwenye mwali wa jua uliopenya juu ya mlango, jepesi, zuri kulitazama. Uliliita unga wetu. Tulilinda vidole, dada. Hatukufikiria kitu kingine. Na kabla sijaja ulikuwa umeshavuta unga huo peke yako kwa miaka.

Hospitali, daktari alikuinamisha, akaweka kidole mgongoni kwako na kukigonga kwa kidole kingine. Juu, kisha chini. Sote wawili tuliisikia ile pu. Hakuhitaji kutueleza. Uligeuza uso ukanitazama, ukatabasamu.

"Hili limepasuka ndani," ulisema. "Tupa."

Daktari hakuelewa kwa nini nilitoka nje.

Mwishoni ulikuwa unasema kwa vipande. Ulizungumzia kiwanja chako cha Kihesa, kule Iringa, ulikotaka kujenga banda lisilo na kuta, na wasichana wa chuo waliokuwa wakikungoja uwafundishe. "Mikono yako inajua sasa," uliniambia. "Wafundishe wewe." Nilikuambia upumzike kwanza. Ulifumba macho ukidhani nimekubali, au ukijua sijakubali. Sitajua kamwe.

Nimebishana nawe tangu siku hiyo. Najua unachosema: wafanyie nje, wavae barakoa, wamwage maji sakafuni. Hoja zako zote ni sahihi. Mwezi uliopita nilikaa nje kabisa, upepo ukivuma, nikaweka jiwe pajani juu ya ngozi ya kujikinga na kuinua nyundo. Mkono haukushuka. Haukuwa woga wa vumbi. Nilitazama lile jiwe na sikutaka kuona kilichomo ndani yake. Kitu kilichonipa furaha yangu ndicho kilichokumaliza, na siwezi kumkabidhi msichana wa mtu kimoja bila kingine. Asubuhi nami nakohoa. Sijaenda kupima; sioni nitafanya nini na jibu.

Wiki iliyopita niliwapigia wasichana wale nikawaambia wasije. Mmoja aliuliza, "Basi tusubiri mpaka lini, dada?" Nikamwambia wasisubiri.

Fundi yuko kwenye kiwanja chako Kihesa anajenga vyumba vya kupangisha. Jumamosi nilimpa viroba vyote vya mawe yako, mazima na mabovu, akavimwaga kwenye msingi. Alishika moja akaligeuzageuza. "Dada, haya mbona kama ya thamani?" Nilimwambia ni mawe tu. Zege limemwagwa juu yake. Leo asubuhi nimelikanyaga, limeshakauka.

Lala, dada.

Mdogo wako