Marando juu ya Shimo la Oili

Jumatatu, 4 Novemba 1974
Mvua: hakuna.

Nimepewa kazi ya serikali. Mimi Kaijage, niliyefukuzwa misheni darasa la tatu kwa kucheka wakati wa sala, leo ni mpima mvua wa kambi ya daraja la Nyashimba. Vifaa: kopo la bati juu ya kigingi, glasi yenye mistari, na daftari hili. Mvua naandika mbele. Huku nyuma kurasa ni tupu, nitaandika ninachotaka. Serikali haitasoma. Sijui kama hata za mbele itasoma.

Injinia Rwegasira kaja kutoka Mwanza. Kijana wa kwetu ng'ambo ya ziwa, suruali imepigwa pasi mpaka unaweza kumenyea ndizi. Shikamoo mzee. Marahaba. Akatukusanya. Uchafu wote wa kambi—oili chafu iliyotolewa kwenye magreda, mabonge ya lami, betri zilizokufa—uzikwe mlimani ng'ambo ya barabara, mbali na maji. Na shimo lisiribwe udongo wa mfinyanzi, chini na pembeni, oili isipenye. Akachora hata kwenye karatasi: mlima, mto, mshale. Nyapara Luhaga anaitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana, kichwa kama kuku anayedonoa mtama. Injinia akapanda Landrova. Vumbi alilokuja nalo lilikuwa halijatua.

Jumatano, 6 Novemba
Mvua: matone. Hayafiki mstari wa kwanza.

Mlimani ni jiwe tupu. Sululu mbili zimevunjika, shimo halimfichi hata bata. Luhaga kanijia anahema. Mzee, wewe umeoa hapa, umezeekea hapa, udongo laini uko wapi?

Nikampeleka bondeni kwenye shimo la wafinyanzi. Wanawake walichimba hapo udongo wa vyungu miaka na miaka, marehemu mke wangu akiwa mmoja wao. Wakaliacha. Nikamwambia, Injinia anataka shimo, hili hapa. Anataka mfinyanzi, ndio huu. Unataka akuletee na mto wa kulalia?

Luhaga alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kisima cha kijiji kiko chini yake, hatua ishirini na kitu. Nililiona hilo. Nilikuwa na njaa, nikataka kurudi kula.

Jumamosi, 9 Novemba
Mvua: milimita 4.

Mapipa tisa yameshamwagwa shimoni. Luhaga kaniletea shukrani: debe zima la oili chafu. Hakuna mchwa atakayegusa nguzo zangu tena. Nimezipaka zote, na mlango, na miguu ya kitanda. Nyumba inang'aa kama kiatu cha polisi.

Leonsia, mke wa mwanangu, hakufurahi. Mwanangu yuko kiwandani Nyakato, huja mwisho wa mwezi, kwa hiyo malalamiko yote nayapata mimi. Baba, mtoto anakohoa kwa harufu hii. Nikamwambia Bernadetta ni mjukuu wa serikali sasa, azoee mafuta ya greda. Akachukua ndoo akaenda zake kisimani. Mgongo wa yule mwanamke unajua kujibu.

Jumanne, 12 Novemba
Mvua: milimita 11.

Kumekucha! Alhamisi anakuja mkubwa kutoka mkoani kukagua daraja na kijiji kwa pamoja. Katibu wa kijiji, Kashindye, amepita nyumba kwa nyumba. Kila mtu awe na shamba la kuonekana, hiki ni kilimo cha kufa na kupona. Mimi nikamwambia upande wa kufa nimeshaukaribia, anisaidie upande wa kupona. Hakucheka. Kashindye akicheka ataomba kwanza kibali cha wilaya.

Luhaga ndiye mwenye joto. Shimo linaonekana toka barabarani, jeusi, linametameta. Kwa hiyo leo wamelitandikia boriti kutoka upande hadi upande, juu matete, juu ya matete udongo. Kisha—sikuamini macho yangu—wakapiga matuta na kupandikiza marando ya viazi. Matuta sita, yamenyooka kuliko ukuta wa daraja. Na kibao: SHAMBA LA MFANO.

Jioni Leonsia ananiambia maji ya kisima yananuka. Nikamwambia ni pua yako, mwanangu, umelala siku tatu na nguzo zangu. Hata uji unanuka nguzo. Hata mimi nanuka nguzo. Akasema labda. Akampa mtoto maji.

Alhamisi, 14 Novemba
Mvua: milimita 2, asubuhi, kabla ya mgeni. Hata mvua imeambiwa.

Niandike yote, maana kesho nitafikiri nimeota.

Mgeni kaja na magari matatu. Daraja hakulitazama hata dakika tano. Zege ni zege, litamwambia nini? Macho yakaenda kwenye marando. Nani kalima hapa? Luhaga akajitokeza, kifua mbele. Ni sisi wa barabara, mkubwa, baada ya kazi, tumeona kilimo kitangulie. Mgeni akampa mkono. Akamwita mpiga picha. Nikawa naomba kimoyomoyo asipande kwenye tuta, yule ni mtu wa kilo nyingi. Alisimama pembeni. Bahati ya wanene.

Halafu Injinia, aliyefuatana na msafara, taratibu, karatasi yake mkononi: na shimo la taka? Luhaga: mlimani, bwana, kama ulivyochora. Muulize mzee huyu, yeye hana sababu ya kudanganya.

Wote wakanigeukia. Ningeweza kusema. Nikaona debe la oili, nikaona nguzo zangu zinavyong'aa. Na ulimi wangu huu, ukiona watu wamekusanyika hauwezi kukaa. Nikasema lipo kule juu, bwana mkubwa, nimelitemea mate kwa mdomo wangu mwenyewe. Watu wakacheka. Injinia akatazama mlima, akatazama viatu vyake vilivyong'aa, akaandika.

Na mgeni, kabla ya kupanda gari: shamba zuri namna hii lisiwe la watu wachache. Kuanzia Jumatatu nalikabidhi kwa akina mama wa kijiji. Waje na majembe walichimbue, walipanue mpaka kisimani.

Makofi. Nilimtazama Luhaga. Alikuwa anapiga makofi, lakini rangi ya uso ilikuwa imeshatoroka.

Ijumaa, 15 Novemba
Mvua: hakuna.

Nimemwuliza Luhaga atafanyaje. Anasema Jumapili ataondoa kila kitu kwa greda. Greda gani? Limeharibika, lipo Misungwi, linasubiri spea. Basi atazungumza na Katibu. Atamwambia nini? Atafikiri. Mtu mzima, nyapara wa watu arobaini, anafikiri kwa kukwangua ukucha.

Jumamosi, 16 Novemba
Mvua: milimita 58.

Ilinyesha tangu saa nane mchana hadi magharibi. Kopo lilijaa nikapima mara tatu. Luhaga haonekani kambini. Wanasema kaenda Mkuyuni kwa dada yake, anaumwa tumbo. Dada au yeye, hawakusema.

Jumapili, 17 Novemba
Mvua: milimita 6.

Leonsia hakwenda kanisani. Bernadetta anatapika tangu alfajiri. Baba, si nguzo, alisema. Twende uone.

Nikabeba glasi yangu ya kupimia, maana ndicho kitu kisafi pekee nyumbani, nimekiosha kwa maji ya mvua kila siku kama sheria inavyotaka. Nikachota kisimani. Nikainua juani. Juu ya maji rangi zinacheza—zambarau, kijani, dhahabu kidogo. Nzuri kweli. Nikanusa mbali na nyumba yangu, mbali na nguo zangu. Greda. Greda tupu.

Ndipo nikakumbuka. Mke wangu alikuja siku moja na kikapu kitupu, miaka kumi imepita. Nikamtania, umeibiwa udongo? Akasema pale pamekwisha, tumefika mchanga, hakuna chungu tena. Ndiyo maana waliliacha. Mfinyanzi wote ulishatoka, umekuwa vyungu, umeshavunjika zamani. Chini ni chujio. Na mimi nilikuwa namwambia Luhaga, ndio huu, ndio huu. Mtaalamu wa njaa.

Leonsia aliuliza, Baba, taka za kambi walizika wapi? Nikasema sijui, nitauliza. Nimemwambia hivyo mwanamke aliyebeba mtoto mgonjwa. Amekwenda kuchota mtoni, mwendo wa saa nzima, na njiani amemwambia kila jirani aliyekutana naye asichote kisimani. Katibu amemwita kumwonya asivumishe.

Jumatatu, 18 Novemba
Mvua:

Naandika nikiwa juu ya kigoda, mwisho wa tuta la tatu. Chini yangu si boriti, ni ukingo, nimeupima kwa fimbo. Mbele yangu akina mama thelathini na majembe. Wameketi sasa. Mwanzoni walisimama.

Nilifika kabla yao. Bi Kija, mwenyekiti wao, akasema haya mzee, toka, viazi havilimwi kwa matako. Nikasema hamchimbi hapa. Wakacheka. Nikasema chini kuna oili, mapipa tisa na zaidi, mtatumbukia mmoja baada ya mwingine kama vyura. Wakacheka zaidi. Bi Kija anajifuta machozi. Mwaka juzi ulituambia kuna chatu kisimani tukakaa siku mbili bila maji, leo ni oili. Kweli nilisema. Ilikuwa mizaha mizuri sana.

Nikachoma fimbo kwenye tuta, nikaitoa. Nyeusi mpaka katikati. Hapo kicheko kikakatika.

Katibu Kashindye akaja mbio. Mzee, unajua unasimama mbele ya agizo la mkoa? Nikamjibu nimekaa, sijasimama. Akasema kupinga kilimo ni kosa, kuna lokapu ya polisi Misungwi, na mbele ya mgeni ulishuhudia kwa mdomo wako kwamba shimo liko mlimani. Basi ulidanganya lini, Alhamisi au leo? Kwa mara ya kwanza Kashindye kauliza jambo la maana. Amemtuma mtu kwa baiskeli kumfuata Injinia, aliyeko Misungwi kushughulikia greda.

Leonsia alikuwa kwenye mstari wa mbele, mtoto mgongoni, joto la homa nimeliona hata kutoka pale nilipokuwa. Hakuuliza shimo liko wapi. Aliuliza jingine. Baba, nani aliwaonyesha hapa?

Nimejifanya naandika ripoti. Ndiyo haya.

Landrova nimeiona, imefika kwenye kalvati la barabarani. Luhaga yuko kiti cha mbele, tumbo limepona. Anamweleza Injinia jambo kwa mikono miwili, na mkono mmoja unanielekea mimi.

Glasi nimeibana magotini, imejaa maji ya jana ya kisima, rangi zake bado juu. Nilikuja nayo nimwonyeshe Injinia, maana neno langu halinunuliki tena. Sasa mvua imeanza, kubwa, inaingia kwenye glasi, na rangi zinamwagikia ukingoni, mapajani. Nimeifunika kwa kiganja cha kushoto. Leonsia amesogea mpaka kwenye kigoda. Ananinyoshea mkono, anataka nimpe glasi aishike yeye, na bado anangoja jibu. Daftari linalowa, naacha hapa.