Nimetajwa Mara Sitini na Tatu

Bi Shamso mpendwa, naomba msaada, na naomba pia jina langu lisichapishwe, ingawa kwa kawaida mimi hupenda sana lichapishwe. Mimi ni mkemia, nafundisha chuo kikuu na nyumba yangu iko Donholm, na mwaka 1991 niliandika makala kwamba majani ya mti fulani wa Ukambani huua seli za saratani kwenye kisahani cha maabara, sikusema yanaponya mtu, ni kisahani tu, basi mwaka huu rafiki yangu aliye ng'ambo akanitumia orodha ya wataalamu walioitaja makala hiyo katika kazi zao, nikahesabu nikapata sitini na watatu, nikahesabu tena, na kwa furaha nikatoa fotokopi nikaibandika kwenye ubao wa matangazo wa kanisa letu Kaloleni, nikatoa shukrani mbele ya waumini, na mchungaji akatangaza kwamba mataifa yamekiri dawa ya saratani imetoka kwa Wakamba, nami sikumsahihisha kwa sababu watu walikuwa wanapiga makofi.

Sasa Mama Nzisa, mjane anayeuza mitumba ya watoto Gikomba na aliyenilisha nilipokuwa mdogo, ana uvimbe kwenye titi, alipewa tarehe ya upasuaji akaiacha ipite, akapewa nyingine akaiacha pia, ananiambia, "Mwanangu, nikakatwe na watu nisiowajua na dawa unayo wewe?" na bintiye Nzisa amenisimamisha njiani akaniuliza, "Doc, hiyo dawa inatoka lini? Mathe amekataa kabisa kwenda hosi," nikamjibu utafiti unaendelea. Wiki jana yule rafiki alinitumia makala zenyewe, nikaketi na chai yangu kuzisoma, na Bi Shamso, watu arobaini na wanane kati ya wale wananitaja ili kuwaonya wenzao kwamba walijaribu wakashindwa, na mmoja ameonyesha kuwa kilichoua seli si majani bali ni mabaki ya kemikali niliyotumia kuyakamulia. Kamati ya kupandisha vyeo inakaa mwezi ujao, nayo huhesabu tu, haisomi. Nikisema ukweli kanisani, habari zitafika chuoni. Je, ninyamaze mpaka nipate uprofesa, kisha nimweleze Mama Nzisa taratibu?

Mkemia, Donholm

BI SHAMSO ANAJIBU:

Mkemia, barua yako nimeisoma mara mbili, heshima ambayo kamati yako haijakupa hata mara moja. Pole. Kuona kazi ya miaka ikiporomoka kwa bahasha moja kunauma, na kwa hilo sikucheki. Kukosea maabarani ni ajali ya kazi, hata mimi huunguza wali. Lakini kunyamaza kanisani ulinyamaza ukiwa na akili timamu na suti ya Jumapili.

Umenihesabia wanaokutaja, umenihesabia wanaokupinga, lakini hukuniambia uvimbe wa mama huyo umekua kiasi gani. Hujui, kwa sababu hukuuliza. Unataka mwezi mmoja upate cheo, na mwezi huo unautoa kwenye maisha ya mtu aliyekulisha. Nakasirika, na sioni haya kusema.

Kamati iandikie, uambatanishe zile makala arobaini na nane, wakikunyima uprofesa utaendelea kula na kulala. Jumapili simama palepale ulipopigiwa makofi, useme umekosea, na ukitoka ubandue ile fotokopi kwa mkono wako. Lakini hayo yote baadaye. Leo hii nenda Gikomba, umsaidie Mama Nzisa kufunga kibanda, na kesho asubuhi umfikishe hospitali, ukae naye kwenye foleni, uwaambie madaktari kwamba aliyemchelewesha ni wewe.

Atakuuliza dawa iko wapi. Usimwambie utafiti unaendelea. Mwambie haipo. Mwambie kwa Kikamba, pole pole, usimwachie hata neno moja la kitaalamu la kushikilia.