Ukimya wa Masanja

Mwangaluka, mjukuu wangu Kabula.

Huku Bariadi tupo salama. Bibi yako amevuna pamba, mimi nimevuna maumivu ya mgongo. Unauliza kwa nini chuoni wanasisitiza mgonjwa wa kongosho aangaliwe pumzi, wakati ugonjwa uko tumboni. Umekosa walimu mpaka uniulize mimi?

Kaka yangu Masanja alishikwa na tumbo ghafla. Alilia mpaka wazee wakamtania: "Dume zima! Hata ng'ombe wako wanakucheka." Kesho yake akanyamaza. Wakafurahi: "Sasa amejikaza." Safari ya hospitali ikaahirishwa.

Tulipomfikisha, daktari alisema kongosho limevimba, tumbo limejaa na kuubana msuli unaovuta pumzi, na mapafu yameanza kuingia maji.

"Lakini alikuwa ametulia," baba akasema.

"Hakutulia, mzee. Alikosa pumzi ya kulia."

Masanja tulimzika. Msibani wazee walewale walisimulia alivyovumilia kiume, na baba, aliyemsikia daktari, akaitikia kwa kichwa.

Basi mjukuu wangu, mgonjwa wako akiacha kulia, usifurahi kabla hujamtazama kifua.

Babu yako anayekupenda.